Gunia Lenye Miguu

Jumatatu, 28 Julai 2025

Kikao cha idara, saa nne asubuhi. Dkt. Consolatha, mkuu wetu, ametangaza kwamba nafasi ya udhamini wa masomo ya uzamivu ni moja. Waombaji tuko wawili, mimi na Lugembe. Idara nzima ina watu watatu, na wa tatu ni Dkt. Consolatha.

Idara inaitwa Ubunifu, Habari Mpya na Utamaduni wa Picha. Jina ni refu kuliko ofisi. Ofisi natumia pamoja na Lugembe, meza zikigusana.

Kila mmoja atawasilisha utafiti wake kwenye banda la chuo katika maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, mbele ya Profesa Awadhi, anayekuja kutoka Dar es Salaam kwa niaba ya wafadhili. Nikikosa, mkataba wangu unaisha Desemba, na narudi Kisarawe kwa mama na shahada yangu ya uzamili ndani ya bahasha. Nikipata, miaka minne ya kusoma. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hiki. Nimeliandika hilo mara moja na sitalirudia.

Lugembe ni Msukuma wa Igunga. Anarekodi bodaboda kwa simu na kuita utafiti. Wanafunzi wanampenda. Anakula karanga, na maganda yanavuka mpaka wa meza.

Mimi ninachunguza michoro ya mitaani: vibao vya maduka, maandishi ya bajaji, picha zinazopakwa kwenye ule mpira unaoning'inia nyuma ya madigadi ya pikipiki. Nadharia yangu ni kwamba michoro hii imetokana na alama walizotia wapagazi kwenye mizigo ya misafara, enzi za njia ya kutoka pwani kuja hapa Tabora. Hakuna aliyewahi kuithibitisha. Nami bado.

Jumanne, 29 Julai

Nimempata mtoa taarifa wangu mkuu. Mzee Mathias Shilinde, Mnyamwezi, mchoraji wa vibao kwa miaka hamsini, karakana jirani na stesheni ya reli. Nusu ya maduka ya mji huu yana mkono wake. Pembeni ya karakana bintiye, Adelina, anachoma chapati.

Nimemwamkia shikamoo. Ameitikia marahaba vizuri sana, ameuliza kwetu wapi. Nimesema Kisarawe. Ameuliza kama ni Mzaramo. Nimesema ndiyo, baba na mama. Ameweka brashi chini. Amemwita Adelina aje aone. Adelina amekuja, ameona, amecheka, amerudi kwenye chapati.

Kisha mzee amesema, Mzaramo na mwamvuli wapi na wapi, lete hapa. Akauchukua mwamvuli wangu wa jua. Hakuomba. Nimeuandika kwenye fomu kama fidia ya muda wa mtoa taarifa.

Nimeuliza kuhusu alama za mizigo ya misafara. Ametazama reli. Kisha akasema kuna alama moja ambayo hajawahi kumwonyesha mtu. Nimefungua ukurasa mpya.

Alama yenyewe ni gunia lenye miguu miwili. Amesema Wazaramo walioajiriwa na misafara walichoka mapema, wengine kabla mji haujapotea machoni. Wanyamwezi hawakuwa na roho ya kumwacha mtu porini. Wakawatia ndani ya magunia wakawabeba pamoja na pembe za ndovu. Gunia la Mzaramo lilichorwa miguu miwili ili lisije kuuzwa kwa makosa. Miguu yenyewe iliachwa nje, akasema, ili wasaidie kwenye vilima.

Nimeandika yote. Pembeni nimeweka: ushirikiano wa kikazi baina ya makabila, karne ya kumi na tisa.

Fomu ya ridhaa ameisaini kwa kuchora gunia lenye miguu. Gunia la kwanza katika mkusanyiko wangu.

Alhamisi, 31 Julai

Nimezunguka mjini na kamera tangu asubuhi. Nilidhani nitatafuta kwa wiki. Nimeona magunia manne kabla ya saa sita. Mawili kwenye bodaboda za stendi, moja kwenye bajaji, moja kwenye baiskeli ya muuza mkaa. Miaka miwili nimeishi Tabora na sikuwahi kuliona hata moja. Hivi ndivyo jicho linavyofunguka.

Gunia la nne nimeligusa nikachafuka kidole. Rangi mbichi. Ushahidi kwamba desturi bado hai.

Madereva wamenipa ushirikiano ambao sijawahi kuupata. Wananisimamisha wenyewe. Mmoja amelalamika kwamba nimempiga picha mwenzake na yeye nimemruka. Wananiita Mzigo. Mzigo, panda. Mzigo, leo miguu imechoka? Nadhani ni kwa sababu ya begi langu la kamera, ambalo kweli ni kubwa.

Mwamvuli wangu umefungwa kuwa kivuli juu ya jiko la Adelina. Nimeupita bila kusema kitu.

Ijumaa, 1 Agosti

Magunia tisa.

Lugembe amesimama nyuma yangu nikipanga picha. Ameangalia sana. Ameuliza kwa upole usio wa kawaida kama nimefikiria habari ya utani. Nimemjibu kwamba nimefundisha utani mihula miwili, kipindi cha wiki ya sita, slaidi ya tisa: utani ni uhusiano wa jadi baina ya makabila unaoruhusu kejeli na kunyang'anyana mali bila kinyongo. Naijua kwa moyo. Akasema, sawa Najiat, basi ni mimi tu.

Sikumwelewa, lakini nilielewa macho yake. Ameona ukubwa wa jambo. Anataka kulichukua.

Nimeamua kumwondoa mjini. Nimeandika ukurasa mmoja kwa mkono, kwa haraka, kama mtu anayejiandikia: "Puge, njia ya Nzega. Nyumba ya Bibi Bertila. Picha za kale, hazijaguswa. Kwenda mwenyewe kabla ya Nane Nane. SIRI." Nimeusahau kwenye mashine ya kurudufia. Bibi Bertila nimemtunga pale pale ofisini. Jina lilikuwa la kwanza kunijia.

Saa tisa alasiri ukurasa haukuwepo. Lugembe ameniuliza kama najua mabasi ya Nzega yanaondoka saa ngapi. Nimemwambia sijui, na nimetazama dirishani ili asinione uso.

Jumapili, 3 Agosti

Magunia kumi na tisa. Moja limechorwa likiwa na viatu. Nimelitenga kama mkondo wa pili wa kisanaa.

Mama amepiga simu kutoka Kisarawe. Nimemweleza maendeleo yangu, na habari ya Mzee Mathias, na magunia, na miguu kuachwa nje. Ameuliza huyo mzee ni kabila gani. Nimesema Mnyamwezi. Akauliza, na wewe ulimjibu nini?

Nimesema niliandika.

Mama akasema, uliandika.

Nikasema ndiyo, kurasa sita.

Amevuta pumzi. Amesema babu yangu, Mnyamwezi alipokuja msibani kwetu na kulala kwenye jeneza tupu akidai ni kitanda chake, alimtoza kuku ndipo akamruhusu kuamka. Akasema nikajipange. Sijaona uhusiano. Mama hajasoma utamaduni wa picha.

Jumatatu, 4 Agosti

Lugembe hayupo. Ofisi ina utulivu wa maktaba. Nimefagia maganda ya karanga, yote, hadi upande wake.

Nimempelekea Mzee Mathias rasimu. Amesoma kurasa mbili za kwanza kwa miwani, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye vilima aliniomba radhi akaingia ndani ya karakana, akakaa huko kidogo. Alirudi akipangusa macho. Wazee huguswa wanapoona elimu yao imeandikwa. Adelina naye hakuweza kunitazama. Ameniambia tu, dada, kaa, kula chapati, hii hailipwi. Kisha amenishika mkono na kuniuliza, hivi dada, kwenu hamna watani? Nimemwambia wapo, wamo kwenye slaidi ya tisa.

Mzee amechukua chupa yangu ya chai. Nimeongeza kwenye fomu.

Nimemwalika Nane Nane, akae mstari wa mbele awe shahidi hai. Lugembe hana shahidi hai. Mzee ameuliza kama kutakuwa na watu wengi. Nimesema wengi sana. Amesema hawezi kukosa.

Jumatano, 6 Agosti

Lugembe amerudi, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimeandaa uso wa pole.

Amesema asante.

Amesema Puge kuna akina Bibi Bertila watatu. Wa kwanza alimtimua, wa pili alimlisha ugali, wa tatu ndiye. Marehemu mume wake alikuwa mpiga picha wa baiskeli. Alizunguka Puge, Nzega hadi Igunga kwa miaka thelathini, amefunga kwenye keria pazia la kitambaa alilolichora mwenyewe: ndege ya abiria, kochi jekundu, na ziwa lenye bata. Watu walisimama mbele ya pazia wakapigwa picha wakiwa wamesafiri bila kwenda popote. Bibi amelitunza pazia, na sanduku la bati lenye picha mia mbili na zaidi, majina nyuma. Alimwambia Lugembe amekuwa akingoja mtu wa chuo aje aulize tangu mume wake afariki.

Lugembe ameniuliza nilimjuaje. Nimesema mtafiti hafichui vyanzo vyake.

Akasema ataliandika jina langu kwenye shukrani. Nimemwambia asihangaike.

Magunia thelathini na moja. Lakini sikuyahesabu kwa furaha kama jana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetafakari. Bibi Bertila ni mtu mmoja. Magunia yangu ni harakati ya mji mzima. Mtu mmoja hawezi kushindana na mji.

Nimemwomba Dkt. Consolatha nitangulie kuwasilisha, maana waamuzi hukumbuka cha kwanza. Amekubali haraka. Ameniuliza kama nimempa mtu yeyote mwenyeji asome kazi yangu. Nimesema ndiyo, Mzee Mathias mwenyewe. Amesema, aha. Ameniuliza kama nina uhakika na tafsiri yangu. Nimemwonyesha jedwali: Jumatatu ya wiki iliyopita sifuri, leo thelathini na nane. Ametazama jedwali. Amesema hajawahi kuona utamaduni wa karne ya kumi na tisa ukikua kwa kasi hiyo. Nimemshukuru.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika kwa utaratibu, ili ibaki kumbukumbu sahihi.

Banda letu lilikuwa kati ya banda la asali na banda la mbegu za alizeti. Watu walijaa. Bodaboda wa stendi walikuja karibu wote, wamekaa kwa heshima. Mzee Mathias mstari wa mbele, amevaa koti, mwamvuli wangu mkononi. Profesa Awadhi kwenye kiti cha pembeni, mtu mzima, kimya, daftari gotini.

Nimeanza vizuri. Kicheko kilianza kwenye picha ya tatu. Nilikichukulia kama ushiriki wa hadhira. Nilipofika kwenye miguu kuachwa nje ili isaidie kwenye vilima, mama mmoja wa banda la asali alilazimika kushikwa. Profesa Awadhi alikuwa amefunika mdomo kwa daftari.

Akanyoosha mkono. Akauliza, binti, kwenu wapi? Nikasema Kisarawe. Akauliza nani kanieleza habari hizi. Nikamwelekeza.

Profesa akasimama. Mzee Mathias naye akasimama. Profesa akasema, mimi ni Mzaramo wa Maneromango. Mzee akaugeukia umati akasema, jamani leteni gunia la pili, na hili liwe kubwa.

Kilichofuata sikukitegemea kwa mtu wa kiwango chake. Profesa alimvua Mzee Mathias kofia akaivaa yeye. Alikalia kiti cha mzee. Akasema Wanyamwezi walipofika pwani mara ya kwanza waliiona bahari wakauliza nani kamwaga, kisha wakakaa siku tatu wakingoja ikauke wavuke. Mzee akasema walingoja kwa sababu waongozaji wao walikuwa Wazaramo, na Wazaramo walikuwa bado wamelala ndani ya magunia. Profesa akadai mwamvuli, akisema ni mali ya mjukuu wake. Mzee akasema mjukuu wako kajitolea mahari mwenyewe, mwamvuli na chupa ya chai, sasa mke wangu wa Kizaramo yuko wapi? Wakaendelea hivyo robo saa. Mwishowe wakakumbatiana, na Profesa akaondoka na kofia.

Sikuweza kumaliza slaidi ya kumi na mbili.

Mzee alinijia baadaye, mbele ya bodaboda wote. Akasema, mjukuu wangu, nilikuwa nakungoja ujibu. Siku ya kwanza nilikungoja. Siku ya pili nikachora kumi, nikasema sasa atajibu. Nimemaliza makopo mawili ya rangi. Nimekuchokoza mpaka nimechoka mimi.

Nilimwambia nashukuru kwa ushirikiano wake.

Kisha Lugembe. Alitundika pazia la ndege na kochi na ziwa. Hakusema mengi. Alianika picha kwenye kamba kama nguo na kuwaambia watu wapite. Mama mmoja kutoka Igunga alisimama mbele ya picha moja, akaigeuza, akasoma jina, akakaa chini. Alikuwa dada yake, aliyefariki akiwa na miaka kumi na saba. Nyumbani hawakuwahi kuwa na picha yake yoyote. Banda lilinyamaza kabisa. Nilidhani spika imeharibika.

Lugembe aliishusha picha kwenye kamba, akampa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nafasi amepata Lugembe.

Dkt. Consolatha amenieleza ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Hakuwa na haraka. Amesema Profesa Awadhi ameniachia ujumbe. Kwamba kwa karibu wiki mbili mchoraji mmoja na bodaboda wa mji mzima wamemtania mtu kwa brashi na rangi, na kwamba yeye hajawahi kuona utani uliochorwa ukakusanywa namna hii, siku kwa siku, na tarehe, na idadi, na hata rangi mbichi. Amesema hakuna mwingine mwenye kumbukumbu hizo. Niyaandike kama yalivyotokea, nami mwenyewe nikiwa ndani, na Profesa atanitafutia nafasi nyingine ya udhamini mwezi wa kwanza na kunisimamia yeye. Dkt. Consolatha akasema mkataba wangu atauombea miezi mitatu ya ziada ili nifike hapo. Anachohitaji ni kurasa tano zinazoanza na sentensi moja: walinitania.

Nimemwomba muda wa kufikiri. Nimeenda ofisini. Lugembe hakuwepo, ameacha kikombe cha karanga zilizomenywa mezani kwangu, bila ganda hata moja. Nimelia kidogo, dakika kama saba. Kisha nimenawa uso.

Nimefikiri. Mtafiti hawezi kuwa ndani ya picha anayoichunguza. Hiyo ni kanuni ya kwanza, na naifundisha. Tena kuna jambo ambalo Profesa na Dkt. Consolatha hawakuliona. Mzee amekiri hadharani kwamba magunia ni mzaha. Kwa nini mtu akiri hadharani, mbele ya bodaboda arobaini, kama hafichi kitu kikubwa zaidi? Utani ni pazia. Nyuma yake kuna alama yenyewe.

Nimemwandikia Dkt. Consolatha barua fupi. Nimemshukuru na nimekataa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemngoja Mzee Mathias karakanani hadi alipotoka ibadani kwa Wamoravian. Nimekwenda na mwamvuli mpya.

Nimemwambia waziwazi kwamba najua. Ameuliza, unajua nini, mjukuu wangu? Nimesema najua kwamba gunia lilikuwa la kunipoteza njia, na kwamba ipo alama ya kweli, na kwamba siondoki bila kuambiwa. Amenitazama kwa muda mrefu sana. Nadhani ilikuwa huzuni, kisha ikawa kitu kingine. Adelina alisema, baba, jamani, basi. Mzee akamwambia arudi kwenye chapati zake.

Amevuta kiti karibu. Ameshusha sauti. Amesema mimi ni mtu wa kwanza kufika hapo. Alama ya kweli haiwekwi kwenye pikipiki, maana kila mtu angeiona. Iko Igunga, chini ya malori ya mpunga, upande wa tumboni. Mtu lazima alale chali barabarani ndipo aione. Ndiyo maana Profesa haijui. Profesa hawezi kulala chali na tumbo lile.

Nimeandika kurasa nne. Mwamvuli ameuchukua.

Kisha, kwa hiari yake mwenyewe, amempigia simu binamu yake wa Igunga, Tobias, ambaye naye ni mchoraji, anachora malori. Wamezungumza Kinyamwezi kwa muda. Tobias alisikika akicheka kwa furaha ya kupata mgeni. Mzee ameniambia nisifike kabla ya Jumatano, maana Jumatano ndipo yatakuwa yamekauka.

Hilo limenishangaza kidogo. Igunga mvua haijanyesha tangu Mei. Nimeliandika pembeni kama swali la utafiti.

Tiketi nimekata, kiti cha dirishani. Lugembe asijue.